Usukani Usiorudi

Land Cruiser ya Nurudini ilitoka Kumsenga ikiwa imeinuka juu kuliko gari lolote njiani. Alikuwa ameinua springi ili tope lisimshinde, na alituambia hivyo kwenye kila dimbwi. Kando yake aliketi Zaitun, dereva wa Kasulu aliyeomba lifti hadi Kibondo. Mimi nilikuwa nyuma yao.

"Kaka, uliweka kabari kwenye ekseli ya mbele?" Zaitun aliuliza. "Kabari za nini, dada? Nimeinua gari, sipasui kuni." "Ukiinua hivi, ekseli inapoteza mlalo wake. Bila kabari za kuurudisha, usukani haurudi wenyewe baada ya kona." "Mbona tumefika hapa?" "Umetufikisha kwa mabega."

Ilikuwa kweli. Hata njia iliponyooka Nurudini alikuwa akiurekebisha usukani bila kupumzika.

"Ukitoka Kibondo unaelekea wapi?" Zaitun aliuliza. "Namchukua binti yangu stendi, nimpeleke kwa mumewe huko Munanila." "Na miteremko ile yote? Haya, legeza mikono kwenye kona. Usukani ukirudi wenyewe, nitanyamaza."

Hakulegeza.

Tulipokata kona kuingia stendi ya Kibondo, taratibu, alifungua vidole. Usukani ulibaki ulivyokuwa, na gari likaendelea kukata kuelekea kibanda cha chipsi. Akaudaka, akafunga breki.

Yasmini, bintiye, alikuwa akisubiri na masanduku, hina ikiwa bado mbichi mikononi. "Baba, tupakie?"

"Ngoja kwanza," Nurudini alisema, mikono yote miwili ikiwa bado kwenye usukani.