Earlene Viola Gaddis na Pai za Milango Saba

Marehemu Earlene Viola Gaddis alizaliwa tarehe 11 Machi 1944 katika Wilaya ya Wilcox, Alabama, binti wa tatu wa Mzee Amos na Mama Lucinda Threadgill. Barabara ya kwao ilikuwa ya udongo mwekundu, na waliokaa barazani walimtambua kila mtoto kwa mwendo wake tu, kabla hawajaiona sura. Barabara hiyo aliiota maisha yake yote. Ndotoni, alisema, milango iko wazi na mwana wake yeye anaitwa kwa jina na kila mtu.

Alisoma shule ya kanisa ya vyumba viwili hadi darasa la nane. Mwaka 1962 alihamia Toledo, Ohio, kwa shangazi yake, akamalizia sekondari kwa masomo ya jioni. Alipika katika jiko la shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja. Watoto aliowapakulia leo wana mvi, na baadhi yao wamo humu kanisani.

Tarehe 14 Juni 1966 alifunga ndoa na Lucius Gaddis, mchomeleaji wa kiwanda cha magari. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Thaddeus, tarehe 9 Agosti 1970. Mwaka 1979 walinunua nyumba namba 614, Mtaa wa Lindell, wakiwa Weusi pekee pale. Aprili iliyofuata, Thaddeus akifungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wake mwenyewe, jirani aliwapigia polisi simu kwamba kuna mwizi. Earlene alitoka kazini akamkuta mwanawe wa miaka tisa amekaa ukingoni mwa barabara, askari wawili wamemsimamia, ufunguo ameubana kiganjani. Aliogopa, na hofu ile haikumtoka tena.

Agosti hiyo alioka pai saba za viazi vitamu, akamvalisha mtoto shati jeupe, wakagonga milango saba. "Mtazameni vizuri," alisema kila mlangoni. "Huyu ni Thaddeus wangu, wa namba 614." Akarudia kila mwaka siku ileile, kwa sababu aliyezoeleka akiwa mfupi huogopwa akirefuka.

Lucius alimtania, "Mke wangu, unawahonga watu wamzoee mtoto?"

"Mkono mtupu haulambwi, baba. Shika hiyo sahani."

Alipofikisha miaka kumi na minne, Thaddeus aligoma. "Mama, naona aibu! Kwani mimi mbwa aliyepotea?"

"Mbwa aliyepotea wanamrudisha nyumbani, mwanangu. Vaa shati."

Akavaa.

Mtaani Lindell hakuna aliyepiga simu tena. Lakini kijana alipopata leseni ya kuendesha gari, mama yake alihamishia kiti dirishani. "Toledo ina mitaa mingi kuliko viazi vyangu," alimwambia Lucius. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliishi roho juu hata Thaddeus alipokuwa mwalimu wa hesabu mwenye upara.

Lucius alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Usahaulifu ulimwanza Earlene mwaka 2021, akahamia nyumba ya kutunzia wazee. Thaddeus akija kumwona, mama alimshika mkono na kumpitisha mlango kwa mlango, taratibu, kama mtu atembeaye usingizini. "Mtazameni vizuri. Huyu ni wangu." Jina lilikuwa limeshamtoka. Thaddeus, mtu mzima wa miaka hamsini na zaidi, kila mara alikuja na shati jeupe.

Mama Earlene alifariki usingizini asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025. Siku moja kabla, alimwambia muuguzi kwamba ameiona ile barabara nyekundu, na milango ilikuwa wazi.

Ameacha dada yake Ozella, mwanawe Thaddeus, mkwewe Yvette, na mjukuu mmoja, Naomi, mwenye miaka kumi na mmoja na urefu wa kuzidi umri wake.

Baada ya mazishi, pai zitakuwa katika ukumbi wa kanisa. Naomi atasimama mlangoni na sahani. Kabla hujapokea kipande chako, mtazame vizuri. Ni wetu, anaishi namba 614.

Mama Earlene apumzike kwa amani. Zamu ya kuogopa tumeipokea.