Wiki Mbili za Kupumzika

Asubuhi hiyo kwenye treni, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: mama anayepokea simu za wateja wa kampuni ya maji, na mzee aliyestaafu kiwandani. Nilijifanya nasoma gazeti.

"Daktari kaniandikia wiki mbili za kupumzika," mama alisema, "lakini naenda kazini."

"Unaumwa nini, mwanangu?"

"Simu ikilia tu, moyo unanienda mbio. Juzi binti yangu kaniita, 'Mama!' Nikamjibu, 'Asante kwa kupiga simu, nikusaidie nini?' Yeye akacheka. Mimi nikaenda kulia jikoni."

"Rudi nyumbani," mzee alisema.

"Tumebaki watatu tu wa kupokea simu, baba. Nikikosa, mzigo wote unawaangukia wenzangu."

"Hata mimi nilisema hivyohivyo miaka ishirini. Siku niliyoanguka penye mashine, kabla sijatoka hospitali, nafasi yangu ilishapata mtu." Aliyasema bila uchungu, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nawajua wenzangu," mama alisema. "Hata wao hawalali."

Treni ikasimama kituoni kwake. Mzee akavuta miguu ampishe. Mama akashika mkoba, akautazama mlango uliokwisha kufunguka, na bado hakuinuka.