Bi Noreen Gallivan na Baharia Aliyekosekana Kwenye Kumbukumbu

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Bi Noreen Gallivan anaiaga ofisi yetu ya maveterani hapa Port Hanley baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Muda wote huo amewahudumia wastaafu. Sasa ameamua kujiunga nao.

Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi msimamizi wa kumbukumbu. Kahawa yake hainyweki, na aliyewahi kuegesha gari mahali pake anajua kilichompata. Lakini mfiwa hakuwahi kusubirishwa kwenye korido yake.

Wengi mtamkumbuka kwa suala la Albert Kosiba, mzee aliyefariki peke yake, bila mke wala mtoto. Jirani yake tangu utotoni, Bi Stasia Wrobel, alitaka azikwe kwa heshima za jeshi la majini. Tukatafuta, tukaambiwa jeshi halimjui Albert Kosiba yeyote wa mji huu. Bila uthibitisho angezikwa kwenye viwanja vya wasio na ndugu, na mtaani wangesema hadithi zake zote za baharini zilikuwa uongo mtupu.

Noreen akavuta kiti. "Mama yake alimwitaje chakula kikiwa tayari?"

"Wojtek! Angemwitaje tena?" Bi Stasia alishangaa. "Hilo la Albert walimpa kiwandani, la kwao liliwashinda kutamka. We dada, umeona wapi Mpolandi akazaliwa Albert?"

Noreen akaanza upya na Wojciech, ambalo ndilo Wojtek kwa kirefu. Cheti cha kuzaliwa kikapatikana. Jeshi nalo likajibu: fundi mitambo wa manowari, miaka minne, medali mbili. Hati ya ndoa iliyovunjika mapema, yenye majina yote mawili, ikamaliza ubishi.

Alizikwa kwa bendera na tarumbeta, na bendera akakabidhiwa Bi Stasia. Askari aliyesoma jina la marehemu alilivuruga vibaya.

"Rudia, mwanangu, usiogope," Bi Stasia alimwambia. "Ana miaka mingi hajaitwa hivyo."

Akarudia, akapatia. Noreen, ambaye hatujawahi kumwona akilia kazini, alilia bila kujificha, na sisi tukamfuata.

Bi Noreen, ahsante sana. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa asubuhi, na miaka mingi ya kuila pensheni yako.