Woga wa Sungura

Basi lilikuwa likishuka taratibu kutoka Mbinga kwenda Liuli, na ukungu ulikuwa umelifunika ziwa hata likaonekana kama mbingu nyingine huko chini. Izidori alikuwa akisinzia. Mbele yake Mama Tadea, mwenye kikapu cha sungura wachanga, alikuwa akimlalamikia abiria mwenzake, kijana aliyejitambulisha kuwa ni Joakim, bwana mifugo.

"Mama yao alivamiwa na mbwa bandani, kabla dume hajampanda. Sasa watoto hawa nikikohoa tu, wanatetemeka. Woga umepitia wapi?"

"Watafiti wameyaona hayo kwa panya, mama. Mzazi akiishi na hofu kabla ya mimba, baadhi ya watoto huzaliwa na wasiwasi. Hata dume anaweza kuwarithisha."

"Hata dume!" Mama Tadea akacheka. "Mwanangu, sungura ni mwoga tangu aumbwe."

Izidori hakucheka. Mwaka jana mtumbwi wake ulipinduka ziwani, na kwa miezi mingi baadaye alikuwa akishtuka usingizini. Sasa mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Basi watabaki hivyo hivyo?" aliuliza, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

Joakim akageuka. "Si lazima, kaka. Wakilelewa kwa utulivu, wengine hutulia."

"Maneno ya vitabuni hayo," alisema Mama Tadea, lakini akamsogezea Izidori kikapu.

Izidori akaingiza mkono. Moyo mdogo ulipiga mbio chini ya kiganja chake, kisha ukapunguza mwendo kidogo. Basi lilisimama Liuli, watu wakaanza kushuka, naye alikuwa bado hajautoa mkono.