Bwana Eliamini, Mvivu Asiyekosa Kazi Hata Siku Moja

Tarehe 31 Desemba 1956 Bwana Eliamini anastaafu, baada ya miaka kumi na tisa ya kusemea picha kwenye gari letu la sinema. Mwandishi wa maneno haya ni dereva wake, mtu aliyefika Nairobi, Bama vitani, na Mkuu ya huku mlimani kwetu wakati wa mvua, na safari ngumu kuliko zote ilikuwa hiyo ya Mkuu. Shule dereva huyu aliiacha darasa la nne, walimu walipoishiwa cha kumfundisha.

Picha zetu zilikuja bubu. Bwana Eliamini alishika kipaza sauti akazipa maneno, na hakuna mtu kwenye pazia aliyekosa jina, ukoo na mkwe mgomvi. Watu wa Chekereni walimcheka hadi wakaangukia majarubani, ndani ya mpunga wao.

Mwaka 1951 tulikwenda Uru na picha ya kilimo cha kahawa. Hodari anapalilia, mvivu amelala chini ya mgomba, mbuzi anamaliza miche. Gari tuliliegesha kando ya kihamba cha watu, shamba la migomba la nyumbani kwao, na Bwana Eliamini, katika kujinyoosha, akasoma jina kwenye msalaba wa kaburi: Remigius. Akalipenda, lilijaza kipaza sauti vizuri. Giza lilipoingia, mvivu akawa Remigius. "Mtazameni Remigius anavyokoroma!" Watu wa Uru kimya. Ndiyo mara ya kwanza tulijua jenereta letu lina kelele kiasi gani.

Wiki ile ile watoto wa marehemu wakamshitaki barazani. Mwana mkubwa, Melkior, alisema, "Baba yetu alilala mchana mara moja tu, siku tuliyomzika." Wakataka Bwana Eliamini anyang'anywe kipaza sauti maisha, na bila hicho angekuwa abiria wa dereva tu. Baraza likamwandikia hati yule mvivu wa kwenye picha aje ajieleze. Bwana Eliamini akajibu kwa heshima kwamba mhusika yumo ndani ya kopo la bati la filamu. Kopo likaletwa, likawekwa kizimbani.

Akaamriwa airudie picha, marehemu awe hodari. Akatii, na mvivu akamwita Primus. Hajamaliza kusema, ukoo wa marehemu Primus, wa kihamba cha pili, ukasimama wote na fimbo.

Hapo Bwana Eliamini akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akampigia magoti Mama Melkior, mjane wa Remigius. Ukiletewa sale huna ujanja, lazima usamehe. Mama akalipokea. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini huyo anayelala anaitwa Eliamini, na usimbadilishe tena jina." Fimbo zikashuka. Watu walicheka hadi mbuzi wa kwenye picha akageuka kuwatazama. Dereva aliona kwa macho yake.

Kwa hiyo miaka mitano sasa, mlima mzima, amejitangaza mvivu kwa sauti yake mwenyewe. Watoto humnyooshea kidole njiani. Na huyu ni mtu ambaye hakukosa kazi hata siku moja! Alipougua malaria alisemea picha ya malaria huku akitetemeka, watu wakamsifu kwa kuigiza.

Bwana Eliamini, asante kwa kuwapa maneno wasio na sauti. Mama Melkior ametuma mkeka mpya kutoka Uru, anasema utandike chini ya mgomba. Kuanzia kesho lala mchana, jina ni lako na haki ni yako. Mbuzi tutamfunga sisi.