Mama Aliyependwa kwa Miaka Mitatu

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu, mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, katika chumba cha nyuma cha duka la viatu la baba yake, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1965, na Januari iliyofuata akaajiriwa na shirika la simu kuwa opereta, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2002, wenzake wakimwita Bi Haloo, kwa kuwa kwa neno moja tu alijua nani anadanganya.

Mwaka 1971 aliolewa na mpima ardhi, wakajaliwa mwana, ambaye ni meneja wa bima na ameketi hapa mstari wa mbele, na binti, mshona mapazia. Mumewe alipofariki mwaka 2009 alibaki peke yake, binti akija kila Jumapili, mwana akija kama mvua ya kiangazi, funguo za gari mkononi.

Juni 2019 serikali ilitangaza punguzo la kodi kwa kila mwenye mshahara anayeishi na mzazi mzee, na wiki hiyohiyo mapenzi ya mwana yakafurika kama maziwa yaliyosahaulika jikoni, akambeba mama na godoro lake, akampa chumba chenye dirisha la bustanini, akawaambia wageni kwamba radhi ya mama haina bei. Bi Haloo aliisikia sauti ile, akaijua, lakini akabaki, maana mtoto akikunyea kiganja hukikati, na pia, tuseme kweli, alipenda kula meza moja na wajukuu.

Juni 2022 punguzo likafutwa. Mara chumba kile kikahitajika kwa mashine ya mazoezi, mama akahamishiwa stoo, pembeni ya baiskeli mbovu, kisha mwana akamweleza kwa upole kwamba hewa ya nyumba yake ya zamani ingemfaa zaidi kifua.

Mama alimjibu, "Baba, usijisumbue kutafuta maneno. Bajeti hata mimi niliisikia redioni."

Akakunja shuka zake mwenyewe, asikubali kusaidiwa, na machozi aliyatoa baadaye, kwa binti yake aliyekwenda kumchukua.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2024, akafariki tarehe 3 Agosti, mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa binti huyo, naye mwana akafika jioni na shada kubwa kuliko yote mnayoyaona. Ameomba isomwe hapa kwamba yeye ndiye aliyemtunza mama, nasi hatumnyimi haki yake: alimtunza miaka mitatu, tangu waziri alipotangaza hadi waziri alipobadili mawazo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomletea uji bila kuahidiwa chochote na serikali yoyote, na maopereta wenzake wa zamani, waliompigia simu hadi siku ya mwisho.

Pumzika kwa amani, mama, hapo ulipo hakuna wa kukuhamisha tena.