Picha ya Magoti ya Waithaka

Benchi la Kenyatta Market liko kati ya moshi wa nyama choma na kelele za saluni, na wanaolikalia saa nne asubuhi wanajua kazi za watu wote isipokuwa zao. Spana, ambaye mamake alimwita Mutiso, huuza vipuri vya magari yaliyokufa. Jaji, yaani Mbugua, aliwahi kuwa karani wa korti na hajaacha kutoa hukumu. Hemed wa Lamu huwauzia kahawa na kuwachochea. Siku hiyo Waithaka, aliyechoma nyama kwa miaka kumi na minane, alifika akichechemea, bahasha ya kaki yenye picha ya eksirei kwapani. Alikuwa na hofu, na hakuwa na pengine pa kuipeleka.

— Leta hiyo picha, Spana akasema, akaiinua juani. Magoti yote mawili yakaonekana, herufi za kushoto na kulia pembeni.

— Daktari alisema nini? Jaji akauliza.

— Gegedu imelika. Ile kitu laini kwa mfupa, wateja wangu wanatafuna inalia kru-kru. Ameandika nafasi imepungua goti la kushoto. Nipunguze kilo, nifanye mazoezi ya mapaja, nisikae tu. Ingine sikusikia. Nilikuwa nafikiria jiko.

Jiko ndilo lililomnyima usingizi. Nyama huchomwa na mtu aliyesimama, kutwa nzima, na tajiri wake alikuwa ameshamwambia: akishindwa kusimama kufikia Jumatatu, ataletwa mwingine.

— Imepungua? Spana akacheka. Si hiyo ni poa, buda! Kushoto mifupa imekaribiana, inashikana. Inapona. Sasa cheki kulia. Waah! Hapa kati unaweza pitisha kidole.

— Lakini ya kulia haiumi.

— Bado! Jaji akadakia. Kesi mbaya huanza kimya. Hiyo mguu itaachana siku moja ukiwa umeshika kisu.

Waithaka akalishika goti la kulia. Dakika moja iliyopita lilikuwa goti tu. Sasa aliliogopa kama mbwa wa jirani.

— Nati imelegea, Spana akaendelea. Unaikaza. Na hiyo mambo ya mazoezi wachana nayo. Gari mbovu inaegeshwa, haikimbizwi.

— Babu yangu Lamu alikunywa mafuta ya nyonyo, kikombe kizima, Hemed akasema.

— Akatembea? Spana akauliza.

— Siku tatu hakutoka chooni, kwa hivyo hatukujua.

Walicheka wote isipokuwa Waithaka. Alitamani mtu mmoja amwambie arudi kliniki, ili aweze kurudi bila kuonekana mwoga.

— Hukumu ni hii, Jaji akasema, akishusha simu sikioni. Kuna mzee huko Kangemi anaunga mifupa. Ataweka vijiti mguu wa kulia, afunge kamba siku arobaini, nafasi ijifunge. Nimeshampigia. Anakungoja saa sita.

— Tajiri je?

— Tajiri ataelewa akiona vijiti.

Waithaka akaanza kuinuka. Ndipo Debra, mteja wa saluni kutoka Woodley aliyekuwa amesikia yote kutoka mlangoni, akatokea na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Msusi alikuwa ameenda kutafuta nywele zaidi. Akanunua kahawa, akaitazama picha.

— Sasa mzee, unaumwa na gani?

— Kushoto.

— Na inafungwa gani?

— Kulia, Jaji akajibu kwa niaba ya korti.

— Haya. Ukifunga hiyo haiumi siku arobaini, utasimama na gani?

Spana akaishusha picha. Hemed akafuta kikombe kilichokuwa safi.

Waithaka akamnyang'anya Spana picha, akaiinua mwenyewe. Sauti ya daktari ikamrudia, ile aliyoipoteza akiwaza jiko: gegedu haitokei kwenye picha, nafasi hiyo nyeusi ndipo inapokaa. Akatazama kushoto, mifupa ilivyoegemeana bila kitu katikati. Akatazama kulia, penye nafasi pana. Huo ndio mguu mzima aliobaki nao, na alikuwa ameinuka kwenda kuufungisha kamba. Akairudisha picha ndani ya bahasha.

Simu ya Jaji ikaita. Alikuwa yule mzee wa Kangemi. Ikaita mpaka ikanyamaza, na hakuna mkono ulioinuka kuipokea.